Malalamiko Kuhusu Kioo cha Nyuma

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Chuo cha Udereva,

Naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mama. Ile barabara tupu inayoonekana kwenye kioo cha nyuma cha mashine yenu ya kujifunzia udereva si barabara. Ni picha. Niliibandika mimi.

Huenda hunifahamu. Nilimaliza shule mwaka jana, na sasa namsaidia fundi wako wa kompyuta kutengeneza ule mji ambao wanafunzi huendesha gari ndani yake bila kutoka chumbani. Sisi tunamwita Bwana Wepesi, kwa sababu mashine ikikwama kidogo tu husema, "Wepesi kwanza," kisha hufuta kitu. Baada ya miezi minne ya kufuta, nina malalamiko yafuatayo:

1. Nyumba za mji huo zina uso tu, nyuma hazina kitu. Tena ni nyumba moja iliyonakiliwa mara mia mbili na kumi na mbili, kila moja na shati lile lile jekundu kwenye kamba. Nilipouliza, Bwana Wepesi alinijibu, "Kwani dereva anakwenda kupanga?"

2. Watu walikuwa thelathini, sasa wamebaki wawili. Watoto ndio waliofutwa kwanza, maana hukimbia, na kukimbia kunaichosha kompyuta. Wawili waliobaki hawavuki barabara kamwe. Mji wenye utulivu kama huo mimi nimeuona makaburini tu, na hata huko kuna siku watu hujazana.

3. Mvua ilifutwa wiki moja kabla ya wakaguzi kuja. Wakakisifu chuo kwa hali nzuri ya hewa.

4. Sasa kioo. Ili kioo kionyeshe kilicho nyuma, kompyuta inalazimika kuuchora mji mara mbili, wa mbele na wa nyuma. Bwana Wepesi aliona huo ni ubadhirifu. Aliniagiza nitafute picha ya barabara tupu, niibandike, tumalize kazi. Nilisema si sawa, ila nilisema kwa sauti ndogo, ambayo ndiyo niliyojaliwa. Akacheka. "Mdogo wangu, gari linakwenda mbele." Nikabandika. Tangu siku hiyo mashine inateleza kama sabuni, na wewe mwenyewe ulimpongeza mbele ya wafanyakazi wote.

5. Dada yangu mkubwa amehitimu kwenye mashine hiyo kwa alama tisini na nane. Jumatatu anaanza kuendesha basi la shule ya chekechea, lenye watoto kumi na tisa. Jumamosi iliyopita aliazima gari la mjomba, akapiga rivasi hadi barazani kwa jirani yetu fundi cherehani. Meza ilivunjika, na suruali ya mteja ilizunguka na gurudumu hadi ikawa kaptura. Fundi akamuuliza, "Wewe dada, macho umeyaacha nyumbani?" Dada akaapa kwamba alitazama kioo na nyuma hakukuwa na kitu. Mheshimiwa, hakudanganya. Kwa wiki sita chuo chako kilimfundisha kuona barabara tupu, naye ni mwanafunzi msikivu.

6. Kwa hiyo naomba mashine irekebishwe. Ikishindikana, basi kwa heshima zote naomba urekebishwe ulimwengu ili ulingane na mashine. Uandikie mamlaka zinazohusika nyumba zote zibomolewe migongo. Wenye shughuli ng'ambo ya barabara wahamie huko moja kwa moja. Watoto wapunguzwe, wakianza wale wanaokimbia. Fundi cherehani na wote wanaopenda kukaa nyuma ya magari wapewe notisi. Ukishindwa na hilo pia, nakuomba jambo moja dogo: zuia cheti cha dada kabla ya Jumatatu, mpaka ajifunze upya kwa gari lenye kioo kisichodanganya. Watoto wale wana desturi ya kupita nyuma ya basi.

Nisalimie katibu wako, mlinzi wa getini, walimu wote, na wale watu wawili wa kwenye mashine, ambao sidhani kama kuna aliyewahi kuwajulia hali.

Kwa utii usio na kinyongo kikubwa,
Msaidizi wa fundi kompyuta

Nyongeza: Nilikuwa nimeshafunga bahasha dada aliporudi kutoka chekechea, alikokwenda kujitambulisha kabla ya Jumatatu. Amemweleza mwalimu mkuu kwamba kurudi nyuma kunamshinda. Mwalimu mkuu akasema asijali, madereva wote wa chuo chako wako hivyo hivyo, na shule itaajiri mtu wa kushuka, kuwatoa watoto nyuma ya basi na kupaza sauti, "Njoo, njoo, hapo hapo." Dada amenitaja mimi, nami nimekubali. Haijawahi kutokea mtu akahitaji sauti yangu. Kwa hiyo puuza namba moja hadi sita, mpe dada cheti chake, na tafadhali kioo kibaki picha. Kikitengenezwa, mimi sina kazi. Ila suala la aliyeibandika picha libaki siri yetu watatu, pamoja na Bwana Wepesi. Dada asilijue kabisa. Anaamini kosa ni la macho yake, na tangu juzi anavaa miwani ya mama.