Paja la Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Plasta imekatwa leo. Wiki nane nimeisubiri siku hii, na sasa natamani wangeniachia. Mguu uliotoka mle ndani si wangu. Mwembamba, umepauka, umekauka kama mguu wa meza. Nikamwuliza Dada wa Mazoezi, yule mtaalamu wa viungo pale zahanati, nyama yangu imekwenda wapi. Akasema msuli usipotumika hunywea, hakuna aliyeuiba, utarudi. Dawa yake ni kunyanyua mguu mara thelathini, asubuhi, mchana na jioni. Nikauliza kama hakuna njia ya mkato. Akamwita mgonjwa mwingine.

Nyumbani nimepima mwenyewe, kwa sababu fundi cherehani haamini vipimo vya mtu mwingine. Paja la kulia, inchi ishirini. La kushoto, kumi na saba.

Mke wangu anarudi Jumamosi ya wiki ijayo. Miezi minne yuko kwa mama yake, anamuuguza. Kwenye simu nilimwambia nimeteguka kidogo, basi. Sikumwambia kwamba nilianguka kutoka juu ya stuli nikitundika kibao cha duka kilichoandikwa Fundi Makini.

Zamani tulikuwa tukifunga duka tunapanda kilima mpaka kwenye tangi la maji. Yeye mbele, mimi nyuma na mkoba wake, ananilaumu kwamba najikokota. Namkumbuka mpaka lawama zake. Ninachotaka ni kumpokea stendi kwa miguu miwili iliyolingana, na jioni hiyo hiyo tupande kilima.

Jumanne, 4 Machi

Mazoezi ya asubuhi: nimenyanyua mara tisa. Kabla ya kumi nikapitiwa na usingizi.

Lakini bahati imebisha hodi! Mama wa duka la dawa ameleta sketi ipunguzwe. Katika mazungumzo akasema amesoma mahali kwamba mafuta ya samaki yanasaidia misuli ya watu waliolala kitandani muda mrefu. Nikaacha sketi, nikamfuata na magongo yangu hadi dukani kwake. Nimerudi na boksi tano za vidonge laini, rangi ya asali.

Nimempigia simu Dada wa Mazoezi kuthibitisha. Akasema huenda yakapunguza kunywea kwa kiasi fulani, wataalamu bado wanabishana, lakini hayachukui nafasi ya mazoezi. Nimeliandika neno "huenda" na kulipigia mstari. Yale mengine sikuyasikia vizuri, barabarani palikuwa na kelele.

Boksi linasema viwili kwa siku. Nimemeza sita, maana nimechelewa kuanza.

Alhamisi, 6 Machi

Nacheua samaki. Nacheua asubuhi, nacheua nikiongea, nacheua nikiwa nimenyamaza. Leo nimempima kifua bwana mmoja wa benki, akaomba radhi, akatoka nje kuvuta hewa, hakurudi. Vidole navyo vinanuka, kwa kuwa vidonge viwili vilinipasukia mkononi. Paka wa jirani amehamia chini ya cherehani yangu. Tumbo halikai.

Nimerudi kwenye viwili kwa siku. Si kwamba nimeogopa.

Kinachoniumiza zaidi ni Fundi Viatu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alivunjika mguu wiki ile ile niliyovunjika mimi, katika mechi ya wazee. Sasa kila siku anaketi mlangoni pake, kafunga mfuko wa mchanga kwenye kifundo cha mguu, ananyanyua na kuhesabu kwa sauti ili mtaa mzima usikie. Akaniuliza nimefika wapi. Nikamwambia wangu unajengwa kutokea ndani.

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu amepiga simu. Ameulizia mguu. Nikasema safi kabisa. Ameuliza kama bado naenda kwenye tangi jioni. Nikasema naenda. Akasema kule aliko hakuna hata kichuguu cha kupanda, na jioni huwa hajui aiweke wapi miguu yake. Nilikuwa na neno la kumwambia. Mama mkwe akaita maji, simu ikakatika.

Mashati kumi na moja yanasubiri vifungo. Vifungo ni kazi ya mke wangu, anavishona kwenye kile kiti kilicho mkabala na changu. Wenye mashati wananijia juu. Lakini nikivishona mimi itakuwa kama nimekubali kwamba hayupo. Nimewadanganya kwamba vifungo vimeadimika mjini.

Jumapili, 9 Machi

Paka ameitafuna futi yangu ya kupimia. Futi ya miaka kumi na moja, imeshinda shingoni mwangu muda wote huo! Kosa ni la vidole vyangu, viliipaka mafuta ya samaki. Nimeikuta uvunguni, kipande kilichosalia hakifiki hata kiunoni. Ikabidi niende kununua mpya.

Nikaijaribu kwenye paja la kushoto. Inchi kumi na nane.

Nikapima tena. Kumi na nane! Inchi nzima kwa siku tano, na mazoezi yenyewe sijafikisha thelathini hata mara moja. Nikapima na la kulia. Ishirini na moja. Mafuta yamekolea hadi mguu wenye afya. Nimekaa kitandani upande wa mke wangu, nimecheka peke yangu. Nikapiga hesabu kwamba nikiuzuia huu wa kulia usiendelee, Jumamosi itakaribia kulingana.

Jumatano, 12 Machi

Mwalimu Mkuu amekuja na suruali yake mpya mkononi na uso umemvimba. Haifungi kiunoni. Nikafungua daftari la vipimo, nikamwonyesha kwamba nimekata kama ilivyoandikwa mwezi wa pili. Nikamwambia kwa adabu zote kwamba amenenepa. Akasema amepungua. Tukiwa bado tunavutana, akaingia mteja wa pili na suruali ya pili, nayo haifungi.

Fundi Viatu alisikia makelele, akaja, bila gongo, anatembea kama bwana harusi. Akaokota kile kipande cha futi ya zamani, akakinyoosha mezani kando ya futi mpya. Akawasogeza wateja wangu waone vizuri. Inchi kumi na saba za ile ya zamani zimefika karibu kumi na nane za hii mpya. Miaka kumi na moja ya kuvutwa imeilegeza. Nilipima kwa futi ile nikakata kwa hii mpya, kwa hiyo daftari lote ni uongo, na paja langu halijaongezeka hata unene wa uzi.

Amecheka mpaka akaketi kwenye kiti cha mke wangu. Nikamwomba aketi pengine.

Siku tatu zimebaki. Nilijaribu kupanda kilima jioni, nikaishia kwenye nguzo ya kwanza ya umeme. Nikarudi dukani. Nimeketi nikitazama sanduku la vitambaa, na humo ndani nikaona sponji za mabega za makoti.

Jumamosi, 15 Machi

Nimefika stendi saa mbili kabla ya basi. Sponji nne zimeshonewa kwenye bitana ya suruali, upande wa kushoto, mbili pajani na mbili kwenye kigimbi. Nilijitazama kwenye kioo cha kinyozi na nikasimama kidogo, nilivyopendeza.

Ameshuka. Amekonda. Pana mvi pembeni mwa paji la uso ambazo hazikuwepo. Nikabaki kushika mkoba wake na kuupokea tena na tena. Akasema nanuka samaki. Hakuondoa kichwa chake begani kwangu.

Tukaanza kutembea. Jasho likalegeza uzi, na mimi, fundi wa miaka ishirini, nilikuwa nimeshona kwa bandi tu, mishono mirefu ya kushikizia, kwa sababu ya haraka. Sponji ya kwanza ikateremka gotini. Ya pili ikaifuata. Nikajikaza, nikapiga stori za hali ya hewa. Mbele ya duka la mikate sponji ikatokea chini ya suruali, ikabaki barabarani nyuma yetu. Akarudi akaiokota, akaigeuza geuza, akaniambia nimeangusha bega.

Hakucheka. Nyumbani amenikalisha, amekunja suruali mpaka juu, ameushika mguu kwa mikono yote miwili. Akalia. Akauliza kwa nini nilimficha. Nikasema ningemwambia angemwacha mama yake, na kama asingemwacha ningeumia zaidi. Hilo ndilo neno la kweli pekee nililosema mwezi huu.

Akanieleza na la kwake. Mama hajapona. Dada yake amemshikia zamu tu. Alipanga kukaa siku tatu, lakini kwa hali hii atakaa mpaka mguu huu ulingane na mwenzake. Ukilingana tu, anarudi kwa mama.

Jumapili, 16 Machi

Ameiona karatasi ya maelekezo niliyopewa na Dada wa Mazoezi, niliyokuwa naegeshea dirisha. Ameisoma yote. Kuanzia leo ananisimamia. Anaketi ukingoni mwa kitanda, mkono wake chini ya kisigino changu, anahesabu. Thelathini asubuhi, thelathini mchana, thelathini jioni. Nikichelewa ananilaumu.

Mchana amekaa kwenye kiti chake akashona vifungo vya mashati yote. Niliacha kukanyaga cherehani nikawa namtazama. Akauliza natazama nini. Nikasema nakagua kazi.

Jumapili, 30 Machi

Wiki mbili. Nimepima kwa futi mpya: kumi na nane na robo tatu. Jana tumepanda kilima mpaka nusu, yeye mbele. Alifurahi. Alipofurahi akampigia simu dada yake kwamba kwa mwendo huu, kabla mwezi wa tano haujaisha atakuwa amerudi kwa mama.

Nimewaza asubuhi nzima na nimeona kosa liko wapi. Ni vile vidonge. Viwili kwa siku, sikukosa hata siku moja, ndivyo vinavyojaza paja. Nilikuwa namfukuza mke wangu kwa mkono wangu mwenyewe!

Alipokwenda sokoni nimekusanya boksi zilizobaki, nimempelekea Fundi Viatu kama zawadi ya ujirani mwema. Alinishukuru, hakujua kinachoendelea. Moyo umetulia. Sasa mguu utabaki hapo hapo ulipo.

Mazoezi nimeyaacha yaendelee, hayana madhara. Tena nimemwomba tuongeze awamu ya nne, baada ya chai, ili apate kuketi nami zaidi. Amekubali. Jioni hii amehesabu mpaka arobaini.