Kondoo wa Kengele

Jumanne, 4 Machi 2025
Barua ya wakili wetu, Bwana Pruitt! Tuliounguzwa na sufuria ile ya presha tumefika elfu mbili na mia tatu. Kesi zote ziko kwa jaji mmoja, Columbus. Hawezi kutusikiliza wote, basi atachagua sita watangulie. Wanaitwa kondoo wa kengele: wao mbele, kundi nyuma. Lazima niwe kondoo! Mama mkwe, Verna, anayo sufuria kama yangu, tulinunua siku moja. Mwaka mzima anasema sikufunga mfuniko. Nilifunga. Mahakama imwambie.

Alhamisi, 6 Machi
Fomu ya maswali imekuja. "Eleza jeraha." Nafasi: mistari miwili! Nimeandika karatasi kumi na moja. Nimesema kovu langu ni ramani ya Ohio (kweli, ukiupinda mkono). Nimebandika alama ya unyayo wa mwanangu Wyatt, kipenzi cha mama, ambaye sasa nambeba upande mmoja tu. Jirani Loretta kajaza yake akisubiri nguo kwa dobi: "Niliungua kidole gumba. Kinauma nikikamua limau." Basi! Maskini, nimemhurumia.

Jumatatu, 10 Machi
Bwana Pruitt kapiga simu. Eti jaji hatafuti maajabu, anatafuta anayefanana na wengine. Eti mimi ni kondoo mwenye pembe tano. Kumbe! Papo hapo nimemwandikia jaji kwamba hakuna mtu wa kawaida Ohio nzima kunishinda, na majirani kumi na wanne wametia sahihi. Bwana Pruitt kanipigia tena. Kaniuliza, mama, nani kakutuma umwandikie jaji nyuma ya mgongo wangu? Kanisihi nifiche kalamu.

Ijumaa, 21 Machi
Majina yametoka. Loretta! Kwa gumba! Kapita dirishani akilia mee, mee. Nimecheka huku nanuna.

Jumapili, 23 Machi
Verna kaja kabla ya ibada. Nyusi moja hana! Maharage yake yameganda kwenye dari. Kaapa kafunga mfuniko, kausikia ukilia kacha! Akamchukua Wyatt, akaniambia chinichini, nisamehe mwanangu, ulifunga.
Nimelia. Mahakama ya nini tena?
Halafu kauliza fomu inajazwaje. Nikamwambia mama tulia, umempata fundi. Nimetoa kalamu. Nyusi yake peke yake imefika ukurasa wa tisa.