Ombi la Kuongeza Umbali wa Kugusana

Kwa Mkuu wa Maabara ya Protini,

Ndugu Mkuu,

KUH: MSTARI WANGU KUBAKI MWEUPE KWENYE RAMANI

Natumaini u mzima, na vyombo vyako vya kioo havijavunjika. Mimi ni baba wa yule binti mrefu wa miwani ambaye, kwa maelezo yake, anakaa meza ya pili kutoka dirishani hapo maabara. Kazi yangu ni ufundi wa makochi. Sina tabia ya kuwaandikia wakubwa kulalamika. Hata jirani aliyejenga choo mbele ya dirisha letu nilimwacha. Lakini hili limenifika shingoni.

Kwanza nieleze ninavyoielewa kazi yenu, usije ukadhani unaandikiwa na mtu asiyejua lolote. Protini ni mnyororo wa vitu vidogo mno viitwavyo asidi amino, vimeshikana kama shanga kwenye uzi. Uzi wenyewe haukai umenyooka. Unajikunja na kujiviringisha, kama uzi wangu wa kushonea nikiusahau mfukoni. Basi shanga ya mwanzo inaweza kujikuta imebanana na shanga ya mwishoni. Kazi ya binti yangu ni kuangalia nani kamsogelea nani. Wawili wakiwa karibu kuliko kikomo mlichoweka, anasema wamegusana, anawatilia kidoa cheusi kwenye ramani ya mraba. Wakiwa mbali, panabaki peupe. Mpaka hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi ulianza ulipomwagiza awaeleze wageni wa maabara kazi hiyo kwa mfano rahisi, Ijumaa hii inayokuja. Mfano rahisi alioupata ni sisi. Alitupanga kwenye mnyororo: mama yangu mzazi, mimi, mke wangu, yeye binti, shemeji yangu ambaye ni mdogo wa mke wangu, na paka. Kila jioni wakati wa taarifa ya habari akawa anatupima kwa futi yangu mwenyewe ya kazini, kifungo cha shati mpaka kifungo cha shati, kikomo mita moja. Paka alipimwa kuanzia shingoni. Ramani imebandikwa mlangoni mwa friji, na mstari wangu ni mweupe pe. Siku hizi mtu hawezi kwenda kunywa maji pale nyumbani bila kuona kwamba sipo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mke wangu hakuhesabiwa. Binti anasema walio jirani kwenye mnyororo hawahesabiwi, kwa sababu wamefungwa pamoja na kukaribiana kwao ni kwa lazima, hakuelezi kitu. Kwa hiyo ndoa yangu yote, mbele ya sayansi, ni bure. Mama yangu naye kaondolewa kwa kosa hilohilo. Nilitegemea mke wangu atakasirika. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na sasa nikimwomba asogee kidogo kitandani ananijibu kwamba hata akisogea hatuhesabiwi.

2. Kipimo kinaanzia mahali pasipofaa. Mimi nina miguu mirefu. Nikikaa kwenye kiti changu nikainyoosha, vidole vinafika chini ya stuli anayokalia binti. Ningepimwa kidole kwa kidole ningekuwa na kidoa siku nyingi. Nimemhoji, akakiri bila aibu kwamba hata ninyi wenyewe hamjakubaliana: wengine mnapima kutoka katikati ya asidi amino moja hadi katikati ya nyingine, wengine mnapima ncha kwa ncha. Sasa kama wakubwa hamjaelewana, kwa nini wa kuumia niwe mimi?

3. Paka. Ukimwacha shemeji, aliye jirani yake kwenye mnyororo, paka ana kidoa na kila mtu isipokuwa mimi. Paka huyu nilimwokota mimi, kwenye gunia la mabaki ya sponji, karakanani. Sitaongeza neno.

4. Kiti changu kimesingiziwa. Kuna maneno yanapita kwamba mikono ya kiti nilichojitengenezea ni mipana kupita kiasi, na ndiyo inayowaweka watu mbali nami. Ndugu Mkuu, mikono ile ni mipana kwa sababu za kitaalamu. Kikombe kinakaa, redio inakaa, gazeti linakaa. Kiti chenye mikono myembamba ni stuli iliyojisahau.

5. Maji. Binti amenifundisha kwamba ziko asidi amino zinazochukia maji. Protini ikijikunja, hizo hukimbilia katikati, hubanana huko, na ndizo zinazogusana na wengi. Sasa mimi chuki yangu na maji inajulikana. Sijasogelea karai la vyombo tangu nilipooa. Mke wangu yuko tayari kutoa ushahidi, tena bila kuitwa. Kwa sheria zenu wenyewe, mahali pangu ni katikati kabisa ya nyumba, nimezungukwa pande zote. Shemeji, anayeosha vyombo kutwa, ndiye alistahili kubaki pembeni. Ramani inasema kinyume. Ama sayansi imekosea, ama nyumba yangu imejikunja vibaya.

6. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Binti alimfunika kila mtu kwa kidole gumba kwenye ramani, kuona kama nyumba itabaki imeshikana bila yeye. Alipomfunika shemeji, akatangaza kwamba vidoa vimepungua na nyumba imelegea. Aliponifunika mimi, hakuna kilichotikisika. Na bati la nyumba hiyo nililipandisha mimi! Nilijikaza kisabuni, nikaenda karakanani, nikajifanya natafuta misumari.

Kwa hayo yote, naomba kikomo kiongezwe kutoka mita moja hadi mita nne, yaani sebule nzima, ukuta kwa ukuta. Agizo litoke kwako, kwa barua yenye muhuri, kabla ya Alhamisi anapoifunga ramani. Najua linawezekana, maana namba hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ni watu walikaa wakaichagua. Na nisionekane mbinafsi, naomba agizo liende kwa protini zote. Nimeambiwa ziko asidi amino zinazoning'inia kwenye mkia wa mnyororo, hazimgusi yeyote, hakuna anayeziuliza hali. Nazo zina haki zao. Tukishamaliza protini tufikirie mtaa. Kwa kikomo cha mita hamsini, mimi na yule jirani wa choo tutakuwa tumeshapatana bila yeyote kuomba radhi.

Binti amenipinga. Amesema, "Baba, tukiongeza hivyo kila mtu atakuwa anamgusa kila mtu. Ramani yote itakuwa nyeusi, haitatuambia kitu." Nikamjibu kwamba mimi sitaki iniambie kitu, nataka inyamaze.

Niseme wazi kinachoniuma. Mwisho wa mwezi anahama, anakwenda kusoma mbali, na si kwa muda mfupi. Hatujagombana. Ila alipokuwa mdogo alishinda karakanani, kazi yake kunipa misumari, mmoja mmoja, na hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia. Sasa jioni yeye na kompyuta yake, mimi na redio yangu, tunaulizana habari za kazi, tunajibiana nzuri, basi. Ramani ikifungwa bila kidoa kati yangu na yeye, ndivyo itakavyobaki, na wageni wako wataiona. Naliogopa hilo kuliko ninavyoogopa maji.

Ukinikubalia nitawatengenezea kochi hapo maabara. Si rushwa, ni kochi.

Nisalimie wote, wenye makoti meupe na wasio nayo, mlinzi wa getini, na protini zenu kwa ujumla wao.

Ni mimi, mwenye mstari mweupe,

Fundi Makochi,
Baba wa binti wa meza ya pili

Tanbihi: Naomba ombi langu lifutwe lote. Binti amerudi mapema kuliko kawaida, akaniuliza naandika nini huku nimetoa ulimi. Nilipomficha, akaondoa kikombe, redio na gazeti kwenye mkono wa kiti, akakaa hapohapo, akaninyang'anya karatasi, akaanza kunisahihishia. Kwenye lalamiko la nne amecheka mpaka akanishika bega asianguke. Pale pa yeye kunipa misumari utotoni amesoma mara mbili na hajasahihisha kitu. Mkono wa kiti umembeba vizuri tu, kama nilivyosema, upana ule ulikuwa wa kitaalamu. Kochi mtaletewa hata hivyo. Lakini kikomo chenu kiacheni palepale kilipo, tafadhali sana, maana mkikiongeza ramani yote itajaa weusi na hiki kidoa changu kimoja hakitaonekana. Anataka kuinuka akakitie kwenye ramani sasa hivi. Nimemwambia angoje kwanza, bado namalizia barua.