Ovaroli Mbili, Fundi Mmoja

Jumatano, 3 Septemba 2025

Siku ya soko, na sikuuza hata mbuzi. Nilikuwa kwenye simu nikisoma orodha ya mafundi ambao Kanada inawachukua wakaishi huko moja kwa moja, maisha yao yote. Mwashi yumo. Seremala yumo. Mwokaji mikate, jamani, yumo! Dalali wa ngamia kama mimi hayumo. Nimesoma mara tatu. Nchi pana vile, haimtaki dalali! Nimeshtuka mpaka chai ikapoa.

Nikachagua kuchomelea vyuma. Binamu yangu Yahye ndiye fundi bora wa kuchomelea Garissa nzima, kwa hiyo kazi yenyewe iko ndani ya familia. Kwenye fomu ya maombi nikajaza jina langu, Ogle Abdi, na uzoefu wa miaka kumi. Si uongo. Miaka kumi nimekunywa chai kwenye karakana yake.

Jumatatu, 15 Septemba

Wamejibu! Kampuni ya huko inayotengeneza matangi. Wakiridhika wananiajiri, na hiyo ajira ndiyo inayofungua ukaazi wa kudumu. Ila Alhamisi, saa kumi na moja jioni, wanataka kunitazama kwa video nikichomelea. Mimi! Hata sijui ile mashine inawashiwa wapi.

Kufika adhuhuri nilikuwa na mpango. Anayechomelea huvaa barakoa, na barakoa haina uso. Tunavaa ovaroli za buluu wote wawili. Mimi nasalimia, naingia nyuma ya tangi la karakana kama naenda kuchukua vijiti vya kuchomelea. Anatoka Yahye na barakoa yake, anachomelea, anarudi. Natoka mimi, nafuta jasho. Safi kabisa!

Yahye alikataa. Akasema mdomo wake hautasema uongo kwa ajili ya mtu yeyote. Nikamwambia mdomo utakuwa ndani ya barakoa, hauna kazi siku hiyo. Mwishowe akakubali, kwa sababu mama zetu ni dada na mimi nilimkumbusha jambo hilo mara nne.

Jumatano, 17 Septemba

Nimeaga soko. Nafasi yangu ya udalali langoni mwa soko nimempa Abdisalam mbele ya wazee, kwa mkono na kwa dua. Abdisalam, aliyeniibia mnunuzi wa ngamia wakati nimeenda kuswali! Alipokea huku anajizuia kucheka. Wazee waliniuliza mara mbili kama nina hakika, maana nafasi ikitolewa hivyo hairudi. Nikasema nina hakika. Mtu wa Kanada lango la nini?

Hooyo, mama yangu mzazi, amechinja mbuzi na kuita majirani. Kila mmoja ameniombea safari njema. Yahye alikula matonge mawili tu. Nikamsihi ale, mikono isije ikatetemeka kesho.

Alhamisi, 18 Septemba

Astaghfirullah. Naandika na bado nimeshtuka.

Umeme ulikuwepo. Mtandao ulikuwepo. Mtahini akatokea kwenye simu: mama wa makamo, hijabu nyeusi, jina lake Hadiyo. Msomali! Kampuni ya Kanada, wamekosa Mzungu hata mmoja? Nikasalimia kwa Kiingereza, nikaingia nyuma ya tangi. Yahye akatoka.

Wallahi, alichomelea! Mshono umenyooka, hauna hata tundu. Hadiyo akasogeza uso karibu na kioo. Akasifu. Akafurahi mno, akaacha Kiingereza, akamuuliza kwa Kisomali swali ambalo kila mama wa kwetu huuliza: wewe ni mtoto wa nani?

Nyuma ya tangi nilikuwa napunga mikono yote miwili. Ningeulizwa mimi, ningekohoa, ningesema mtandao unakatika. Lakini Yahye ameulizwa ukoo, na nani kwetu humkana babu yake? Akaanza kutaja, humo humo ndani ya barakoa: Yahye mtoto wa Yarow, mtoto wa Hanad, akapanda babu mmoja baada ya mwingine. Hakuruka mtu! Walipofika babu wa tano, Hadiyo akaanza kutaja pamoja naye. Wakamaliza kwa sauti moja. Baba wa yule mama na babu wa Yahye walichunga ngamia pamoja kule Hulugho!

Kisha Hadiyo akakumbuka kazi yake. Akainama, akasoma fomu.

"Hapa pameandikwa Ogle Abdi," akasema. "Vua hiyo barakoa, nione umefanana na nani."

Yahye akavua. Akaeleza yote, tangu chai ya kwanza. Mimi nilibaki nyuma ya tangi mpaka simu ikakatwa.

Ijumaa, 19 Septemba

Kampuni imelifuta jina langu. Yahye ameambiwa alete fomu yake mwenyewe. Mashine ya bahati nimeitafuta mimi, aliyewashiwa ni yeye!

Nilienda kwa Abdisalam kuulizia lango. Akanijibu kwa adabu kubwa kwamba wazee wapo, niwaulize. Sikuwauliza. Sina soko sasa. Hooyo amesikia yote. Amekaa uani anasugua sufuria la mbuzi, na mimi nimeshindwa kupita mbele yake.

Baada ya swala ya Ijumaa Yahye alikuja, hana hata hasira. Karakana ina mashine mbili, alisema, nianze kesho asubuhi. Hadiyo mwenyewe amemwambia njia haijafungwa: mtu akiwa na miaka miwili ya kazi ya kweli, anaomba upya.

"Miaka miwili, Ogle," akasema. "Itapita tu. Nitakufundisha mwenyewe."

Miaka miwili! Ya kufanya kazi! Nimeduwaa. Nilimshukuru, nikamwambia nitalifikiria.

Nimelifikiria. Nimerudi kwenye ile orodha, na kumbe fundi bomba pia wanamtaka. Abdihafid, anayetengeneza mabomba ya msikiti, hufanya kazi amelala chali chini ya sinki, inaonekana miguu tu. Nimempima kwa macho alipokuwa anavua viatu. Miguu yetu ni saizi moja! Kesho asubuhi naenda kwake na sharti langu ni moja tu: akiwa chini ya sinki, akisalimiwa na mama yeyote, asiitikie.