Ngoma ya Memsabu Pale Mferejini

Leo nimejiaibisha mbele ya mama mkwe wangu, na sina wa kumlaumu ila korongo aliyekufa.

Korongo mwenyewe mnamjua. Ni Memsabu wa landhi yetu, hizi nyumba za wafanyakazi. Tulimpa jina hilo kwa sababu ya yale manyoya ya kichwani, kama kofia za wake wa masetla wa Kizungu wakienda kanisani. Kila jioni akina mama walipogonga madebe mferejini wakingoja kuchota maji, alikuja kudansi. Mvua ya mawe ya wiki jana ikamuua. Nilimpenda ndege yule, sifichi. (Mke wangu Rasoa anasema nililia. Ulikuwa moshi.)

Basi leo baada ya kazi tukakutana mferejini kumkumbuka. Jirani mmoja mgeni akauliza, "Kwani alikuwa anadansi namna gani?"

Mzee Kiptoo, mlinzi wa ghala la ngano, akanyanyua mguu mmoja. "Namna hii."

"Hapana, Mzee," nikasema. "Huyo ni kuku amekanyaga makaa."

"Haya, wewe karani onyesha."

Hapo ilinipasa ninyamaze. Mimi ni mtu wa kuvaa tai, na Rasoa ameshawaambia kwao kwamba huku Eldoret ameolewa na bwana mtaratibu, asiyefungua kinywa bila sababu. Mama yake alikuwa anakuja kesho, mara ya kwanza, kujionea. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawasogeleani ovyo wala hawasemezani. Mkikutana njiani, unampisha macho yakiwa chini. Kwa hivyo sina njia ya kujitetea kwake. Nina jina langu zuri tu.

Lakini jambo likifanywa vibaya huniudhi sana. Nikaomba blanketi, likawa mabawa. Nikachukua ufagio wa nyasi, nikaufunga kichwani. (Kwa tai.)

"Gongeni madebe," nikaamuru.

Wakagonga. Nikainamisha shingo, nikaruka, nikarusha kijiti juu kama alivyozoea, nikalia ile sauti yake. Watu wakacheka hadi kujifuta machozi. Nikafumba macho, nikaruka zaidi. Kwa kitambo kile Memsabu alikuwa amerudi, na nilifurahi kweli.

Debe moja likanyamaza. La pili likafuata. Nikadhani uchungu umewashika.

Nikafumbua macho. Kwenye njia ya kutoka stesheni alisimama mama mkwe wangu, kuku kwapani, siku moja kabla ya ahadi. Mwenyewe alikuwa amegeuza uso upande wa uzio, kama heshima inavyotaka. Kuku ndiye aliyekuwa ananitazama.

Nami nikakumbuka heshima. Nikajifunika blanketi uso mzima, nikakimbia bila kuona niendako, nikajikwaa kwenye debe, nikalala kwenye tope la mfereji pamoja na ufagio wangu.

Sasa nimejificha hapa kwa Mzee Kiptoo, nanyi mmenifuata kunipa pole. (Naona mnavyouma midomo.) Rasoa naye ndiyo kwanza ameingia na ujumbe kutoka kwa mama yake, mmemsikia wenyewe.

"Mama anauliza," amesema bila kunitazama, "huyo ndege anakunywa chai, ama amtafutie panzi?"

Nimejibu kwamba anakunywa chai.

Ila jirani zangu, nawaomba kitu kimoja. Mpaka Mama apande gari la moshi kurudi kwao, mkichota maji wekeni madebe chini polepole. Miguu hii bado inamkumbuka Memsabu.