Dirisha la Bwana Ostrowski

Kwa furaha isiyo kifani, Taasisi ya Hisani ya Hollander inautangazia umma kuwa shida za watoto wanaolelewa na serikali sasa zitakoma, kwa kuwa tumewapeleka hotelini watu wanaozisimamia.

Mimi ndiye mratibu wa mpango huo hapa Baltimore, na nasema bila kujisifu: hakuna kama sisi. Kila mwaka tunateua wakurugenzi kumi, tunawaita Vinara wa Mageuzi, tunawapa kocha wa uongozi, karatasi za kubandika za rangi nne, na keki za nyama ya kaa wa baharini mchana na jioni. Kwa miezi kumi na sita wanajifunza kusikiliza vijana. Safari hii kinara wetu mkubwa alikuwa Bwana Randall Ostrowski, mkurugenzi wa idara ya malezi ya watoto, mtu anayejua kutikisa kichwa kwa huzuni kuliko wote niliowahi kuwafadhili.

Kijana wa kusikilizwa tulimpata pia. Kiara Whitlow, miaka kumi na saba, amehamishwa nyumba kumi na moja. Tukamteua kuwa Mshauri Mwenye Machungu Halisi, kwa malipo ya kadi ya zawadi ya dukani. Tulimpa dakika tano za kuongea, akatumia moja.

"Bosi, mimi sina hotuba. Nataka kukaa kwa shangazi yangu Lorraine. Mmemnyima kibali kwa sababu dirisha la chumba lina upana wa inchi kumi na tisa, na kanuni yenu inataka ishirini. Inchi moja, jamani! Faili lina miezi saba mezani kwako. Weka sahihi tu, nikakae na watu wangu."

Ostrowski akatikisa kichwa kwa huzuni. Ukumbi ukapiga makofi.

"Nimekusikia, binti. Jaza fomu. Utajibiwa ndani ya siku thelathini za kazi."

"Nimeshajaza tatu."

"Safi sana! Huo ndio ushiriki wa vijana."

Wiki ya mwisho likaja zoezi kuu: kinara anaishi siku mbili kwa kanuni za idara yake mwenyewe, na Kiara ndiye afisa wake. Anayetoroka anakosa cheti, na cheti hutolewa na gavana mbele ya kamera. Ostrowski alikuwa anamezea mate cheo kikubwa zaidi jimboni, basi akatia sahihi kitabu cha kanuni bila kusoma. Kiara alisoma.

Haikupita saa moja, binti yuko chumbani kwa mkurugenzi, ghorofa ya tisa ya hoteli, na futi ya fundi mkononi.

"Dirisha halifunguki. Chumba hakifai. Kusanya vitu vyako, unahamishwa."

Ostrowski akashika sanduku lake la ngozi.

"Acha hilo. Idara yenu haiwanunulii watoto masanduku." Akampa mfuko mweusi wa taka.

Nyumba ya wageni ya pili nayo haikufaa, ya tatu ilikuwa imejaa. Akalala kwenye viti viwili ofisini kwake, ambako idara yake huwalaza watoto waliokosa nafasi. Asubuhi shingo imekwenda upande. Akaomba kumpigia mkewe. Simu ikahitaji sahihi mbili.

"Basi nirudishe kwangu!" akafoka.

"Kwako tumeshapima. Inchi kumi na nane."

"Nyumba yangu ina vyumba sita, we mtoto!"

"Hongera. Ila kanuni ni mkurugenzi tu anayeweza kuilegeza."

"Mkurugenzi si ndiye mimi!"

"Ndiye. Lakini huruhusiwi kujilegezea peke yako, ukurasa wa arobaini. Labda uwalegezee wote."

Sherehe ya vyeti ilibakiza saa mbili, na suruali yake ilikuwa ile ile ya jana, ina madoa ya kaa. Kiara akamnyooshea kalamu, ameishika kwa mikono miwili. Nikaandika katika ripoti: mshauri ana adabu.

Ostrowski akaandika: kanuni ya inchi ishirini imefutwa kwa nyumba zote, kuanzia leo. Kiara akamsogezea faili la Lorraine, mkurugenzi akaligonga muhuri bila kuinua macho. Binti akakaa sakafuni, akalia kwa sauti kama mtoto mdogo. Kisha akajifuta, akashika njia. Shangazi yake alikuwa chini, kwenye gari, hajazima injini.

"Wewe, subiri! Sanduku langu! Suti ya sherehe imo humo!"

"Sanduku lako limepata makazi salama, bosi. Wapi, siruhusiwi kusema. Jaza fomu. Utajibiwa ndani ya siku thelathini za kazi."

Ostrowski akapokea cheti kwa gavana akiwa na mfuko wake wa taka begani, na picha imetoka vizuri mno. Tumeiweka kwenye jalada la ripoti yetu. Fomu ya sanduku aliijaza siku ile ile, akaipeleka idarani kwake. Leo ni siku ya kazi ya arobaini na moja, na faili lake, nimeulizia, liko mezani kwa mkurugenzi.