Chai ya Mwalimu Tam

Tam Yuk-chi hakuwahi kumpiga mtu ngumi maishani, lakini kwa mdomo alikuwa ameshashinda vita vyote vya China. Asubuhi hiyo alikuwa mkahawani mjini Foshan, akila andazi la nyama kwa mkopo, alipomsikia tajiri wa sosi ya soya, Pun Sek-hoi, akimlalamikia mhudumu.

"Natafuta mwalimu wa ngumi. Gharama si kitu."

Tam alilimeza andazi zima bila kulitafuna, akahamia meza ya tajiri.

"Mzee Pun, mimi nimelelewa na mtawa aliyesalimika hekalu la mabingwa wa ngumi lilipochomwa moto."

Hapa tuseme ukweli. Kila mwalimu wa Foshan alifundishwa na mtawa aliyesalimika moto ule. Ukiwajumlisha wote, unabaki kujiuliza moto ulimuunguza nani.

"Mtindo wenu unaitwaje?" aliuliza Pun.

"Korongo Mlevi Avukaye Mto."

"Korongo naye hulewa?"

"Siri yenyewe ndiyo hiyo."

Machozi yalimlengalenga tajiri. "Nikubali leo hii, mwalimu wangu!"

Adhuhuri nyumba ya Pun ilijaa ubani, nguruwe mzima wa kuchoma na majirani wa mtaa mzima. Tam alishangaa kuwaona mashahidi wengi hivyo, ila sifa zilimlevya. Pun alipiga magoti, akagusa sakafu kwa paji la uso, akamtolea kwa mikono miwili chai ya uanafunzi, ambayo mwalimu akiinywa amekwisha kumkubali mwanafunzi, pamoja na bahasha nyekundu iliyonona. Tam aliinywa chai hadi tone la mwisho. Bahasha aliitia ndani ya mkono wa kanzu, akaanza kuiwazia boti ya jioni ya kwenda Canton.

Pun aliinuka, akajipangusa magoti. Machozi yalikuwa yamekauka.

"Jamani, mmeona? Kainywa?"

"Kainywa yote!" waliitikia majirani.

"Basi mwiteni Leung."

Akaingia Leung Tit-san, mchinja nguruwe na mwalimu wa jumba la ngumi la ng'ambo ya barabara. Ilibidi apite mlangoni kiubavu.

"Mwalimu wangu," Pun alisema kwa heshima zote, "juzi nilimwambia huyu bwana hadharani kwamba ngumi zake zinafaa kukandia unga. Akataka tupande jukwaani. Mimi nina kitambi na wajukuu. Ila desturi unaijua kuliko mimi: mwanafunzi akichokoza, mwalimu wake ndiye anayejibu."

Tam aliogopa, tena aliogopa vibaya, mpaka mbavu zikaanza kumuuma kabla hazijaguswa.

"Mwanangu, korongo hapigani siku ya jua kali."

"Tutamfungulia mwavuli," alisema Leung, akikunja mikono ya shati.

Tam alitupa macho mlangoni. Majirani walikuwa wamejipanga hapo, wengine wameshakuja na viti vyao. Mtu akikimbia baada ya kunywa chai ya mwanafunzi, Foshan nzima ina ruhusa ya kumpiga. Kwa Leung angalau angepigwa na mtu mmoja.

Alijaribu la mwisho. Aliichomoa bahasha, akamrudishia Pun.

"Chukua pesa zako, Mzee Pun. Tuvunje uanafunzi huu kwa amani."

"Kaa nazo tu, mwalimu," alisema Pun, akimpapasa bega kwa upole. "Ni zile pesa bandia za karatasi tunazowachomea marehemu. Niliona zitakufaa leo leo."